Agosti Umatengo: kwenye sherehe ya somo wa parokia, milima ya Mbinga

Safari hii niliifanya Agosti 2025. Nimeipanga upya nyumbani kwa kusaidiwa na daftari, tiketi zilizobaki mfukoni na picha za simu, maana kule juu mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mwaliko ulitoka kwa mama mzazi wa rafiki yangu tunayeimba naye kwaya Dar es Salaam. Parokia yao somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, ni Bikira Maria Mpalizwa Mbinguni, na kila tarehe 15 Agosti kijiji kizima hakilali. Rafiki akakosa ruhusa kazini, mimi nikabeba begi nikaenda. Jina la parokia naliacha kwa sababu wenyeji wangu hawakupenda kutangazwa. Ipo Jimbo la Mbinga, mkoani Ruvuma, na aliyewahi kufika Umatengo, nchi ya Wamatengo, ataitambua.

Jumatatu, 11 Agosti. Mbezi hadi Songea

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli saa 11 na nusu alfajiri. Tiketi ilikuwa 64,000, daraja la kati, kiti cha dirishani. Hadi Morogoro hakuna la kusimulia. Mikumi dereva alipunguza mwendo, nadhani kwa kuogopa faini zaidi kuliko kwa kuwapenda wanyama, tukawaona twiga na pundamilia karibu kabisa na lami. Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipandishwa madirishani kwa vikapu. Kitonga tukajipanga nyuma ya malori yaliyokuwa yakipanda kwa kuhema, na wachungulia bondeni wakaacha kuchungulia.

Kwenye hoteli ya njiani tulipewa dakika 15. Wali kuku 8,000, na foleni ya choo ni ndefu kuliko ya chakula. Kwa atakayepita: nunua ndizi na mayai ya kuchemsha Msamvu, stendi ya Morogoro, ule njiani, na hotelini ushuke kunyoosha miguu tu.

Tulipofika Makambako springi ya nyuma ikakatika. Fundi alipatikana, springi haikupatikana, kisha springi ikapatikana fundi akawa ameitwa kwingine. Tulikaa zaidi ya saa tatu, jua likazama na baridi ikaingia kwa fujo. Mama mmoja aliyekuwa anashukia Madaba alinitazama nilivyojikunja ndani ya shati, akafungua mfuko wake, akanitupia shuka. "Mwanangu, Njombe hatuendi hivyo." Aliposhuka saa 4 usiku nikataka kumrudishia, akasema niende nalo, nikifika huko nimpe mwingine mwenye baridi.

Songea tuliingia karibu na saa 6 usiku. Stendi iko nje ya mji, kwa hiyo weka akilini hela ya bajaji. Usiku ule nilitozwa 5,000, na gesti 25,000 yenye maji ya moto ya ndoo.

Jumanne, 12 Agosti. Peramiho

Ningeweza kwenda moja kwa moja Mbinga, lakini kuzielewa parokia za huku bila kupita Peramiho ni shida. Ni kama kilomita 25 tu kutoka Songea. Watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika hapo 1898. Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipowaka, Askofu Kasiani Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani wakitoka pwani kuja huku, na mwezi uliofuata misheni ikachomwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, baada ya padre kuwabatiza wengi wao wakiwa mahabusu. Kanisa kubwa la matofali linaloonekana leo ni la miaka ya 1940.

Nilikaa na mzee mmoja kwenye kivuli nje ya kanisa, akisubiri mjukuu wake atoke hospitali ya misheni. Nikamuuliza wao wanaisimuliaje habari ile. "Tuliwachomea, wakatunyonga, wakarudi wakatujengea hospitali," alisema. "Ukiandika, andika yote matatu." Nimeandika, mzee wangu.

Ukifika, vaa kwa heshima, uliza mapokezi kabla ya kuingia maeneo ya watawa, na usipige picha watu wakiwa wanasali. Nililala tena Songea.

Jumatano, 13 Agosti. Mbinga, halafu kupanda

Coaster ya Mbinga 6,000, lami safi mwanzo hadi mwisho. Mbinga ni mji wa kahawa, na Agosti ndiyo kahawa inavunwa, hivyo kila pikipiki ina kiroba nyuma. Toa fedha taslimu hapa. Mbele ya hapo wakala wa simu yupo, ila mara nyingi "floti imeisha".

Kwa bodaboda tulipatana 12,000. Kijana mwenyewe, nilipomtajia ninakokwenda, aliniuliza kama nakuja kwa ajili ya somo. Kumbe alikuwa mtumikiaji altareni hapo hapo parokiani hadi alipomaliza darasa la saba, na bado anaweza kusoma ratiba ya Misa za vigango vyote, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, kichwani. Tulisimama mara moja nilipomwomba, kwenye mgongo wa kilima unaoonyesha mashamba ya ngolo upande wa pili wa bonde. Mteremko wote umechimbwa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu. Nyasi zilizofyekwa hulazwa chini kwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, mazao hupandwa kwenye matuta yanayozunguka shimo, na mvua ikinyesha maji hutuama shimoni badala ya kukimbia na udongo. Wamatengo wamelima hivyo tangu kabla ya misheni yoyote kufika.

Nilipofika uani, mama alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na vumbi lote la barabara, wengine watatembea na nini?"

Chakula cha usiku kilikuwa ugali, maharage na mbasa wa Ziwa Nyasa aliyeletwa kutoka Mbamba Bay. Nikaomba kahawa. Wakacheka. Kwenye nyumba yenye miche zaidi ya elfu ya kahawa, kinachonyweka ni chai ya rangi.

Alhamisi, 14 Agosti. Maandalizi

Mlango wa kanisa ulikuwa umebandikwa karatasi yenye mwandiko wa katekista: kila jumuiya, yaani kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja, ina kazi yake: jumuiya hii maji, jumuiya ile kuni, hii kufagia na kupiga deki, ile kupamba, hii vyombo. Hakuna aliyekuwa anasimamia. Saa 2 asubuhi kuni zilikuwa zimeshalundikwa nyuma ya nyumba ya mapadre, ambako wazee wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, walikuwa na nguruwe wawili na visu vinavyonolewa. Wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuwa wanachambua mchele kwenye nyungo, vitenge vyao vya sare vikiwa bado vimetunzwa ndani kwa ajili ya kesho. Kwaya ilikuwa inagombana na kinanda kilichokuwa kinazimika kila betri ya sola ikichoka.

Mimi nilipelekwa sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, kumsaidia mama anayepiga pasi mavazi. Pasi ya mkaa. Kabla haijagusa chochote aliitoa nje, akaipepea hadi majivu yakaisha, akaijaribu kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Kisha akatandika kitambaa cheupe juu ya kasula, vazi la juu la padre, akaanza katikati, penye msalaba wa kutarizi, akienda pembeni polepole huku mkono wa kushoto ukitangulia kulainisha. Kasula moja ilimchukua nusu saa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza watoto mlangoni wasilete upepo.

Baba Paroko nilimkuta akibeba mabenchi. Ana vigango tisa, paroko msaidizi mmoja, na pikipiki moja wanayopokezana. Kigango cha mbali zaidi hupata Misa mara moja kwa mwezi, na masika ikikolea hata hiyo inakuwa kwa neema. Nikamuuliza, sasa wiki nyingine kanisa linaendeshwa na nani? Akanielekeza kwa kidevu. Katekista alikuwa amepanda ngazi akifunga vitambaa vya bluu na vyeupe juu ya altare, umri wake si chini ya miaka 60. Yupo tangu 1994. Huyu ni paroko wake wa saba.

"Wao wanahamishwa," katekista aliniambia baadaye, bila kinyongo. "Kila anayekuja tunaanza naye upya. Huyu anapenda kwaya, yule alipenda miti. Miti ile yote unayoiona ni yake."

Ijumaa, 15 Agosti. Siku yenyewe

Kengele ya kwanza saa 12 asubuhi, ya pili saa 3. Misa ilitangazwa saa 4 na ikaanza karibu saa 5, kwa sababu watu wa vigango walikuwa bado wanapanda kwa miguu, na huwezi kuanza sherehe ya somo waliotoka mbali wakiwa bado mlimani. Nilisimama nje nikiwatazama wanavyofika. Viatu mkononi, miguu inaoshwa bombani, viatu vinavaliwa, kanga inakung'utwa, ndipo mtu anaingia. Kanisa lilijaa, madirisha yakajaa, waliobaki wakakaa chini ya miti ya yule paroko.

Injili ya siku ile ni ya Maria kufunga safari kwenda kwa Elizabeti katika nchi ya milima. Paroko alipofika hapo akasema Elizabeti basi alikuwa mtu wa huku kwetu, na Maria alipanda bila bodaboda. Kanisa likaangua kicheko. Mahubiri yake yote hayakufika dakika 15, jambo ambalo baadhi ya mapadre wetu wa mjini wangejifunza.

Matoleo ndiyo yaliyochukua muda, na sikutamani yafupishwe. Jumuiya moja baada ya nyingine ilitoka kwa kucheza: mahindi kwenye ungo, maharage, madebe ya kahawa, mikungu ya ndizi, mayai kwenye kikapu kilichofunikwa leso, mbuzi aliyekataa kupita katikati ya kanisa akabebwa mabegani. Bibi mmoja alikuja mwisho kabisa na boga moja. Akaliweka, akaliinamia kidogo, akarudi mahali pake.

Kisha matangazo. Ndoa mbili, tangazo la kwanza na la tatu. Mafundisho ya Kipaimara. Halafu mwenyekiti wa halmashauri ya walei akasoma hali ya michango ya bati, jumuiya kwa jumuiya, na ndani ya jumuiya majina ya familia ambazo hazijamaliza. Mimi hilo silipendi, na jioni nilimwambia mama hivyo. Anayedaiwa huenda mwaka huu kahawa yake iliingia ugonjwa, au mtoto alikuwa hospitali. Mama hakukubali hata kidogo. "Asiye na uwezo anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yake kimya kimya, anaondolewa. Wanaosomwa ni wenye nazo. Na sasa hivi wakulima wanalipwa, tusipowasoma Agosti tutawasoma lini?" Bado silipendi, ila nimeacha kudhani kwamba ni ukatili.

Baada ya Misa ukaja mnada, uwanjani. Dalali ni mwalimu mstaafu mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Jogoo alianza 10,000. Fundi seremala akasema 15,000, kijana aliyekuja likizo kutoka Mbeya akasema 20,000, kisha wawili hao wakasahau kwamba ni jogoo. Ilipofika 60,000 fundi akachukua, akamrudisha jogoo mezani, auzwe tena. Akauzwa tena 35,000. Boga la yule bibi lilinunuliwa 15,000 na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, waliochangishana mia mia, wakasaidiwa na dalali aliyejifanya haoni mikono mingine iliyonyooshwa. Bibi alipiga vigelegele kuliko wote. Mimi nilinunua mkungu wa ndizi kwa 7,000, na kwa macho niliyotazamwa nikaelewa nami niurudishe.

Chakula kilikuwa wali, maharage na nyama ya nguruwe, wageni wa vigango wakitangulia kwa kuwa wana safari. Kisha ngoma ya mganda, wanaume wamevaa kaptura nyeupe, ngoma na hatua za paredi, hadi giza. Komoni, pombe ya kienyeji, ilikuwepo, lakini majumbani, si kwenye uwanja wa kanisa. Huo ni mpaka unaojulikana na kila mtu.

Kwa mgeni anayekuja siku kama hii: chenji, chenji, chenji. Noti za 1,000 na 2,000 zinakuwezesha kushiriki kila kapu linalopita, na noti ya 10,000 inakufanya ugeuke tamasha.

Jumamosi, 16 Agosti. Jumuiya

Nilidhani baada ya jana watu watalala. Saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa kwenye ua wa mjane mmoja, watu 17, wengi wanawake, tumeketi kwenye mikeka na viroba. Sala, wimbo, Injili ya Dominika ya kesho, kila mwenye neno akasema neno lake. Ibada yenyewe haikuzidi dakika 40. Kilichofuata ndicho kilichonivutia.

Katibu alifungua daftari la kurasa mia, jalada limebandikwa selotepu. Safu zimepigwa kwa rula: jina, zaka, mahindi, bati, msiba, wagonjwa. Msichana mmoja aliyepoteza siku mbili za jumuiya aliulizwa alikuwa wapi, akasema alimuuguza bibi, alama ikafutwa. Mwenye ua, mjane, kahawa yake imeiva na hana watu. Wakapangwa sita wa kwenda kuichuma Jumatatu. Mtoto aliyeungua na uji, kila mtu 2,000 au debe moja la mahindi kwa kila nyumba mbili. Mzee mmoja akauliza kwa nini jumuiya ya jirani haikuja kuosha vyombo jana. Ikaandikwa, ipelekwe juu.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, na mjini tumezoea kuziona kama mahali pa kupatia barua: ukitaka kubatiza, kuoa, kusimamia ndoa, barua ya jumuiya kwanza. Hata mazishi huzua maswali kama marehemu hakuonekana jumuiyani. Kule juu barua ipo, lakini ni jambo dogo. Anayekuuliza ulikuwa wapi Jumamosi ndiye atakayechuma kahawa yako ukiugua.

Jumapili, 17 Agosti. Kigango

Katekista alinichukua kwenda kigango ambacho zamu yake ya Misa haikuwa wiki hiyo. Tulishuka hadi mtoni na kupanda upande wa pili, karibu saa mbili za mguu, yeye akisukuma baiskeli ambayo sikuona akiipanda hata mara moja. Ilikuwa inabeba vitabu.

Kengele ya kigango ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nusu ya paa ina bati na nusu ina nyasi, benchi ni magogo yaliyochongwa upande mmoja. Watu kama 60. Ibada ya Neno, masomo yakasomwa na vijana, Injili akaisoma katekista mwenyewe: Luka 12, moto alioutaka Yesu uwake duniani.

Akawauliza, kiangazi hiki ni milima mingapi imeungua? Wakataja. Nani aliwasha? Kimya, halafu kicheko kidogo nyuma, kijana mmoja akasukumwa na mwenzake. Wazee wetu, katekista akaendelea, nyasi hawakuzichoma, walizilaza na kuzifukia, ndiyo maana mlima huu bado una udongo. Moto wa mtu anayewinda panya unakula shamba la jirani na kuondoka. Moto anaousema Yesu unaanzia kwako mwenyewe, na kinachoungua ni chako. Akakaa. Sijasikia sehemu hiyo ya Luka ikifafanuliwa vizuri hivyo.

Hapakuwa na Komunyo. Sadaka ilihesabiwa hapo hapo kwenye gogo la mbele, watatu wakihesabu na wote wakitazama: 11,350. Ikaandikwa, ikasainiwa, ikafungwa kwenye leso. Njiani nilimuuliza katekista analipwa nini. Kuna posho, alisema, ikiwepo. Anaishi kwa kahawa yake kama wengine, na safu yake ya zaka kwenye daftari ina alama sawasawa na za wengine, nimeiona.

Alichoniomba, baada ya kubembelezwa sana, ni misale za waumini, yaani vitabu vya Misa, hata zilizochakaa. Mwenye nazo asitupe, parokia za vijijini zinazihitaji. Mpe mtu anayesafiri.

Jumatatu, 18 Agosti. Kurudi

Bodaboda yule yule alikuja saa 10 alfajiri kama tulivyoahidiana na akakataa kuongeza hela ya usiku. Tulipita karibu na ua wa mjane, tochi mbili tayari zilikuwa zinatembea kwenye miche ya kahawa. Mama alikuwa amenifungia maharage, kiroba kizima, zaidi ya nilivyoweza kubeba. Mbinga, kondakta wa Coaster akasema mzigo ule ni 5,000. Dada aliyekuwa kiti cha mbele, simjui, akauvuta kiroba chini ya miguu yake, akamwambia kondakta: "Mzigo gani? Mimi nimeweka miguu."